Flapu za ndege ya kujijengea zinaishia nusu angani, chini ziko poa kabisa. Msaada wakuu

fundi_sikonge:
Mwangaluka wakuu. Niko Tabora, barabara ya kuelekea Sikonge, nina swali la ndege na najua humu kuna watu wa hanga na marubani kwahiyo naombeni mawazo kabla mzee hajarusha tena.

Kuna mzee wangu mstaafu kajenga ndege ya kit, viti viwili, bawa la juu, injini ni Rotax 912 ile ya nguvu za farasi 100, mimi ndo namsaidia kazi za mabati na waya. Flapu, yaani yale mabati ya nyuma ya bawa yanayoshushwa wakati wa kutua, ni za umeme, mota moja iko nyuma ya viti inasukuma bomba linalopita kushoto kwenda kulia, kila upande kuna fimbo inaenda kushika flapu yake. Swichi iko kwenye dashibodi, unabonyeza chini zinashuka, unaachia zinasimama hapo hapo.

Sasa tatizo lenyewe. Ndege ikiwa chini ukibonyeza zinashuka mpaka mwisho na zinapanda, safi kabisa, hata ukirudia asubuhi mpaka mchana. Akiwa angani anakuja kutua, anaweka za kwanza zinashuka, akitaka za mwisho zinafika nusu mota inalia kidogo afu kimya. Akipunguza spidi zinashuka kidogo tena. Kupanda hazina shida, zinapanda haraka kuliko zikiwa chini. Na jambo la pili ambalo mimi ndo linaninyima usingizi, anasema flapu zikishuka ndege inaanza kuvutia kulia, anaishika na stiki inatulia lakini mwanzo haikuwa hivyo.

Mzee anasema flapu ni za kusaidia tu, atakuwa anatua bila flapu mpaka tupate mota nyingine. Njia yetu ni ya udongo kama mita 650. Kwenye karatasi za majaribio yake stoli, yaani spidi ambayo bawa linaacha kuibeba ndege, bila flapu ni noti 44 (noti ni maili ya baharini kwa saa), flapu zote ni 38. Nauliza, mota ndo imekufa? Na hiyo ya kuvuta kulia inahusiana au ni ugonjwa mwingine?

kijana_wa_ipuli:
Mkuu mota hizo kuagiza ni gharama na inakaa njiani wiki kibao. Hapo mjini mota za waipa za gari zimejaa kwenye maduka ya spea used, zina nguvu balaa na ni volti 12 hiyo hiyo. Fundi wa kuchomelea akutengenezee kishikio tu. Nimeona video jamaa wa nje wanafanya hivyo kwenye ndege zao za nyumbani.

boti_kigoma:
Salaam kutoka Kibirizi. Mimi ni fundi wa injini za boti sio ndege, lakini hiyo dalili ya kwanza naijua vizuri sana maana ile mota ya kunyanyulia injini ya boti inaumwa hivyo hivyo, bila mzigo inafanya kazi, ukiipa mzigo inalia afu inanyamaza. Wengi wanakimbilia kununua mota au kuisuka upya kumbe mota nzima, umeme haufiki.

Ndugu yangu wa Sikonge kabla hujanunua chochote chukua multimita. Usipime mota ikiwa imesimama, hapo utaona volti 12 na kitu na utadanganyika, waya hata ukiwa umebaki nyuzi mbili utakuonyesha volti zote kama hakuna kinachovuta umeme. Pima mota ikiwa inafanya kazi na imebanwa. Mmoja abonyeze swichi, wawili wazuie flapu kwa mikono wakisukuma kwenda juu, wewe uko na multimita kwenye ncha mbili za mota yenyewe. Afu linganisha na volti za betri wakati huo huo. Ikipotea zaidi ya nusu volti njiani anza kutafuta wapi inapotelea, weka mguu mmoja wa multimita kwenye hasi ya betri na mwingine kwenye bodi ya mota, ukiona hapo kuna volti basi athi yako, yaani njia ya umeme kurudi kwenye hasi, ni mbovu. Kwangu mimi huku ziwani mara nyingi ni athi.

injinia_hanga:
Naunga mkono alichosema fundi wa Kigoma na naongezea upande wa ndege. Mimi ni injinia wa matengenezo niko Dar, ndege ndogo ndo kazi yangu ya kila siku.

Kwanza fundi elewa kwanini chini ni poa na juu ni tabu. Ndege ikiwa imesimama, mota inaposhusha flapu uzito wa flapu unaisaidia, inaposhusha haina kazi. Angani ni kinyume, hewa inasukuma flapu irudi juu kwa nguvu na nguvu hiyo inafuata spidi mara spidi, yaani spidi ikizidi kidogo mzigo unazidi sana. Ndo maana akipunguza spidi zinashuka tena kidogo, na ndo maana kupanda zinakimbia, hewa inazipeleka. Kwahiyo majaribio ya kubonyeza chini asubuhi mpaka mchana hayajakuambia kitu chochote kuhusu angani. Lazima uweke mzigo wa kwenda juu, kama alivyoeleza mwenzangu, ila msukume pale ndani ya flapu penye ribu, msisukume ncha ya nyuma kwenye bati tupu mtaipinda, na mtu asiweke vidole karibu na bawaba.

Umeme ukiwa mzima na bado inalia basi fungua mota. Angalia brashi zimebaki kiasi gani, na angalia kama grisi ya kwenye gia imeingia upande wa brashi, hiyo inatokea kwenye mota za aina hii na inazifanya zinakuwa dhaifu taratibu bila kufa kabisa. Kusafisha kunasaidia kama komyuteta, ile shaba inayosuguliwa na brashi, haijaliwa.

Fyuzi. Usiongeze fyuzi ili mota isikate. Saizi ya fyuzi inafuata unene wa waya, sio hamu ya mota. Na kama mmefunga fyuzi ya kuchomeka imejificha chini ya dashibodi, mimi ningeweka breka ya kuvuta kwa mkono mbele ya rubani. Rilei au swichi ikigandana, mota itaendelea kushusha flapu hata ukiachia kitufe, na hapo rubani anatakiwa aikate umeme kwa kuvuta kitu kimoja bila kutafuta.

Sasa hiyo ya kulia. Hilo ni tatizo lingine na ndo kubwa, nakuomba ulitenganishe kabisa kichwani na la mota. Mota yenu ni moja na bomba ni moja, huo ni muundo mzuri, ndege za kit za RV za kampuni ya Van's nazo zina mota moja inayozungusha bomba moja, sababu yake ni kwamba mota ikifa flapu zote mbili zinabaki sawa. Ndege ikivuta upande mmoja wakati wa flapu maana yake baada ya bomba kuna kitu upande mmoja kimelegea. Ikivuta kulia, flapu ya kulia inashuka pungufu kuliko ya kushoto, bawa la kulia linapata unyanyuo mdogo, linashuka. Angalia fimbo ya kulia, mpira wa chuma kwenye ncha yake, bolti zake, tundu la bolti kama limekuwa yai, kulehemu kwa ule mkono kwenye bomba kama kuna ufa, na pini ya bawaba kama imeanza kutembea kutoka nje. Pini hizo ndefu za bawaba zisipofungwa mwisho zinatoka zenyewe kwa mtikisiko.

Kipimo rahisi, shusha flapu nusu, weka simu yenye programu ya pima maji juu ya flapu ya kushoto afu ya kulia sehemu ile ile, andika digrii. Kisha mtu azisukume juu kwa mikono uandike tena. Ukipata tofauti wakati wa kusukuma tu, umeshapata mgonjwa.

Ndege isiruke mpaka hilo lijulikane. Simaanishi mpaka mota mpya ije, namaanisha hiyo fimbo.

injinia_hanga:
Kijana wa Ipuli, kuhusu mota ya waipa. Wazo lako linatokana na kutaka kusaidia na ni kweli wapo waliofanya. Ila mota ya waipa imetengenezwa kuzunguka upande mmoja muda wote, ina swichi ndani ya kuegesha waipa, na nyingi athi yake inapita kwenye bodi, ukigeuza chanya na hasi ili irudi nyuma unapiga shoti bodi ya ndege. Ya kioo cha gari ndo imetengenezwa kwenda pande mbili, ila nyingi zina kinga ya joto ndani, ikizidiwa inajizima mpaka ipoe. Hebu fikiria flapu ziko chini zote, rubani anataka kuzipandisha, mota inasubiri ipoe. Kwenye kioo cha gari sio shida, pale ni shida ya maisha. Na ukibadilisha mota kwenye ndege umebadilisha muundo, unahitaji kupima upya, kuandika, na kuongea na TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, kuhusu kibali cha ndege yenyewe.

kijana_wa_ipuli:
Nimekuelewa mkuu, hiyo ya athi kupita kwenye bodi sikuwa naijua. Asante.

dada_rubani:
Habari za jioni wote. Nimesoma nataka niongelee hilo la mzee kusema atatua bila flapu, maana naona limepitwa na kwangu mimi ndo lenye uzito kwa rubani.

Mzee yuko sahihi kwa nusu. Kutua bila flapu ni kitu cha kawaida, tunafundishwa, kila rubani anatakiwa akiweze. Ila lazima ukikokotoe kwa mahali ulipo. Chukua hizo namba zako. Spidi ya kuja kutua tunachukua stoli mara 1.3, na flapu zote ni 38 mara 1.3 unapata kama noti 49, bila flapu 44 mara 1.3 ni 57. Umbali wa kusimama unafuata spidi mara spidi, kwahiyo 57 dhidi ya 49 ni zaidi ya theluthi moja ya ziada, na hapo sijaweka kwamba bila flapu ndege inakuja bapa, pua inazuia kuona njia, na ukifika chini inaelea haitaki kukaa kwa sababu hamna kinachoivuta nyuma.

Afu weka Tabora yenyewe. Uwanja wa Tabora uko karibu mita 1,200 juu ya bahari, futi kama 3,900. Oktoba joto likifika 32 hewa inakuwa nyepesi kama vile uko karibu futi 6,900. Geji inasoma 57 lakini ardhi inapita chini yako kwa noti kama 63 kama hakuna upepo. Geji haijui, matairi na breki ndo vinajua. Kwa njia ya udongo mita 650 mimi nisingekubali, ningeenda kutua kwenye lami pale Tabora ambayo ni ndefu, asubuhi kabla ya jua kali, ndege ikabaki hapo mpaka itengenezwe. Mueleze mzee kwa heshima, lakini mueleze.

Sasa nusu nyingine ambayo mzee hajaigusa. Flapu zikigoma juu ni usumbufu. Zikigoma chini zote, au zikiwa tofauti kushoto na kulia, hapo ndo watu wanakufa. Rotax isiyo na tabo inapoteza kama asilimia 3 ya nguvu kila futi 1,000, kwenye hewa hiyo niliyosema farasi 100 zinabaki kama 80. Na flapu zote chini ndege ina mvuto wa nyuma mkubwa sana, ukitaka kunyanyuka tena dakika ya mwisho kwa sababu ng'ombe wameingia njiani inaweza isipande kabisa, inakwenda tu mbele juu ya vichaka. Hili wala halihusu za nyumbani peke yake. Cessna 150 za zamani flapu zilikuwa zinashuka mpaka digrii 40, ilipokuja 152 mwaka wa modeli 1978 wakaishia 30, na 172 nayo kuanzia 172P ya 1981 ikawa 30. Kunyanyuka tena na flapu 40 ilikuwa kazi, hata kwa ndege ya kiwanda.

Kwahiyo mota hii dhaifu mnayoiongelea, leo inashindwa kushusha, sawa, kesho inaweza kushindwa kupandisha. Mzee asizoee kuweka flapu za mwisho mpaka awe na uhakika kabisa anatua, na njia aione iko wazi.

Na hiyo ya kuvuta, rubani akigusa swichi ya flapu na ndege ikaanza kubingirika upande wowote, arudishe flapu pale zilipokuwa mara moja, palepale. Asisubiri aelewe kwanini. Ashike stiki na pedali, aongeze spidi kidogo lakini asivuke mwisho wa upinde mweupe kwenye geji, ambao ndo mwisho wa spidi ya kuwa na flapu chini, apande juu, kisha ndo afikirie. Asijaribu tena kushusha ili aone kama itatokea. Anatua na flapu zilivyo, na spidi ya juu kidogo, kwa sababu mabawa hayatastoli pamoja, moja litatangulia na utabingirika karibu na ardhi. Kabla ya hapo ukiwa juu salama, futi 3,000 hivi juu ya ardhi, punguza taratibu uone spidi gani stiki inaanza kufika mwisho, usije kutua chini ya hiyo.

fundi_sikonge:
Wakuu asanteni sana, mmenisaidia mpaka sijui niseme nini. Nimemsomea mzee maneno ya dada rubani yote, akakaa kimya muda mrefu afu akasema ndege ikae. Iko chini, tumevua betri.

Majibu ya vipimo. Mota ikifanya kazi imebanwa, betri 12.3, kwenye ncha za mota 10.2. Nikapima athi kama alivyosema ndugu wa Kigoma, nikakuta volti 1.6 kati ya bodi ya mota na hasi ya betri. Athi ya mota ilikuwa imefungwa kwenye kishikio ambacho kilipakwa rangi kabla, rangi ipo chini ya ringi, na vumbi letu hili jekundu limeingia. Nimekwangua, nimeweka waya wa athi moja kwa moja mpaka kwenye nguzo kuu ya hasi, sasa betri 12.3 mota 11.9, na watu wawili wakisukuma flapu inashuka mpaka mwisho haitetereki. Brashi nimeangalia zipo nyingi, grisi iko upande wake.

Ya kulia ndo hii. Kwenye simu bila kusukuma zote digrii 19. Tukisukuma kushoto inabaki 19, kulia inapanda mpaka 15. Mpira wa chuma kwenye ncha ya fimbo ya kulia umelegea, unacheza ndani ya nyumba yake, unaweza hata kuuona kwa macho ukitikisa. Na kuna nyigu alijenga udongo pale ndani ya flapu karibu kabisa na hiyo ncha, udongo umechanganyika na mafuta tuliyokuwa tunapaka kila wiki. Je hayo mafuta ndo yameua? Na nikipata nyingine nipake nini?

injinia_hanga:
Kazi nzuri sana fundi, hivyo ndivyo inavyotakiwa. Digrii 4 kwenye mikono ya watu wawili, angani inaweza kuwa zaidi.

Kuhusu mafuta, inategemea ncha gani. Zipo zenye kitambaa cheupe cha teflon ndani, hizo hazipakwi kitu chochote, mafuta yanaleta vumbi na vumbi ni msasa. Zipo za chuma kwa chuma, hizo zinapewa mafuta mepesi kidogo na unafuta yanayobaki. Angalia namba iliyogongwa kwenye ncha au kitabu cha kit. Bawaba ndefu nazo usijaze grisi, Tabora kiangazi grisi inageuka kuwa udongo.

Badilisha zote mbili, kushoto na kulia, zimefanya kazi masaa yale yale. Na wakati unafunga, pale ambapo ncha imeshikwa na bolti upande mmoja tu, weka washa pana kuliko shimo la nyumba ya mpira. Mpira ukija kuchomoka siku moja, washa inazuia fimbo isitoke, flapu inalegea lakini haiachi. Hesabu nyuzi za fimbo zilizoingia kwenye ncha ziwe sawa pande zote kisha kaza loknati. Nati ya bolti kama ni ya nailoni iwe mpya. Ukimaliza mtu mwingine ambaye hakushika spana akague kila bolti kwa mkono wake, na wote wawili msaini kwenye logibuku. Hiyo ni desturi kwa kitu chochote kinachogusa kontroli.

Udongo wa nyigu toa wote, na tafuta kwenye bomba la pito na tundu za statiki, zile zinazopeleka hewa kwenye geji ya spidi, wanapenda huko pia.

boti_kigoma:
1.6 kwenye athi peke yake, nilijua tu. Fundi, kwa kuwa umeshafungua, pita na athi nyingine zote zilizofungwa juu ya rangi, ya pampu ya mafuta ya umeme na ya redio, zitakuwa zimefungwa siku moja na mtu mmoja.

dada_rubani:
Namshukuru mzee kwa kukubali ndege ikae, mpe salamu zangu. Siku ya kuijaribu, aende peke yake bila abiria, asubuhi hewa imetulia, aanzie lami ya Tabora sio kwenye udongo. Apande futi 3,000 juu ya ardhi ndo aguse flapu, kidogo kidogo, spidi iwe ndani ya upinde mweupe, kila hatua aachie stiki kidogo aone kama inavuta. Azipandishe na kuzishusha huko juu mara kadhaa kabla ya kurudi kutua.

fundi_sikonge:
Sawa dada, nitamwambia. Ncha nimeulizia, za teflon, zinatoka Nairobi. Nimeangalia na pito kama injinia alivyosema, kulikuwa na kipande cha udongo mdomoni, kimeshatoka. Athi ya pampu nayo ilikuwa juu ya rangi.